Wakaguzi Walirudi, Mwalimu

Mwalimu Zuhura,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mkono umekataa kukuandikia kabla sijakuamkia.

Wakaguzi wa serikali walirudi wiki jana, na chuo chetu cha uuguzi kimepata idhini. Tutapokea wanafunzi wapya. Nimeitanguliza habari yenyewe kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke. Ulifariki tukiwa tumezuiwa kusajili, na wapo waliokuja kukuzika Mambrui huku wakiamini ni wewe uliyetufungia.

Ulichokataa wewe ni kuazima tu. Sisi huku tumezoea. Harusi ikifika, masufuria hutoka kwa jirani na mikeka hutoka msikitini, na hakuna anayeona haya. Basi mkuu wetu wa wakati ule aliposema tuazime vitanda na sanamu za kufunzia ili wakaguzi wakute chumba kimejaa, sote tuliitikia. Wewe ukasema, "Waacheni watuone tulivyo. Vitu vikirudi kwa wenyewe, hawa watoto watajifunzia nini? Watajifunzia kwa wagonjwa?" Ukashikilia hapo mpaka mkuu akalegea, nao wakatuona tulivyo: sanamu moja iliyong'oka mkono, walimu wachache, wanafunzi wamesongamana hadi mlangoni. Maneno uliyosemwa mjini, Mwalimu, mpaka leo yananiuma.

Sasa vitanda ni vyetu. Walimu wameongezwa, mkuu mpya anasikiza, na hospitali imekubali kila mwanafunzi anayekwenda wadini awe na muuguzi wa kumsimamia. Zamani tuliwatupa huko wajionee wenyewe.

Safari hii mkaguzi mkuu alikuwa mama mmoja mkavu wa uso, asiyetaka hotuba wala chai. Alimwita Karembo, msichana wa Gongoni aliyekuwa mwaka wa kwanza ulipofariki. Hukuwahi kumfundisha. Akaambiwa afunge upya kidonda cha sanamu. Karembo akanawa mikono, akasogea, akainama kidogo. "Shikamoo mama. Mimi ni Karembo, mwanafunzi. Naomba nikuguse hapa, kutauma kidogo." Kisha akangoja ajibiwe.

Mkaguzi mmoja kijana alicheka. Yule mama hakucheka. Aliuliza ni nani aliyewafundisha kuamkia plastiki, na Karembo akasema ndivyo wanavyofundishwa hapa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na ilibidi nigeukie dirishani. Nilikukumbuka ukinirudisha mlangoni tena na tena kwa kuishika sanamu bila salamu. "Rudi, Kadzo. Huyo ni mama yako." Nilidhani wanitania. Nimekukosa, Mwalimu. Nakukosa hasa saa ya chai, ulipokuwa ukinimegea mahamri yako na kunisuta kwa kula mbio.

Hawakutupa yote tuliyoomba. Wameturuhusu darasa dogo kuliko alilotaka mkuu, kulingana na idadi ya walimu, na wamesema watarudi bila kupiga hodi. Mkuu alinuna siku nzima. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, maana darasa la kiasi hicho nitamjua kila mmoja kwa jina, na nitajua ni nani bado mikono inamtetemeka. Nimepewa mimi kulisimamia. Naogopa kidogo, sikufichi.

Wewe ulikuwa Mwislamu na mimi naenda kanisani, lakini Jumapili nilikuombea kwa namna yangu, Mungu akupe mahali penye upepo na nafasi. Pumzika. Ugomvi wako umekwisha, na umeshinda.

Nami nakuahidi jambo moja. Mtu aliyelazwa hana uwezo wa kumkagua anayemjia na sindano. Kazi hiyo lazima iwe imefanywa kabla, nasi. Kwa hiyo sitamwachilia atoke hapa mwanafunzi ambaye ningeogopa kumwona akija kitandani kwangu.

Mwanafunzi wako,
Kadzo