Hakuna Aliyenilisha Dawa

Kasungami, Lubumbashi

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima huko Kalemie. Mgongo unakuacha ulale? Mimi nina afya, nafundisha biolojia kama kawaida, na nina hasira nawe.

Binamu yetu dereva alinikuta sokoni. "Yaya anasema hatapokea dote ya Delphin, hataki mahari yake hata kidogo," akaniambia. "Ule mwanaume alikulisha dawa ya mapenzi, njo maana uko unacheka-cheka mu njia, mujane muzima! Kwanza bakuombee."

Basi nisikilize.

Nyuma ya karakana ambamo Delphin hutengeneza milango wanaishi chiriku. Dume akiwa peke yake huimba ovyo. Jike akitua karibu, wimbo unanyooka, kila mlio mahali pake. Wataalamu waliopima ubongo wa ndege wadogo waimbao wameona kwamba dume anapomwimbia jike, kemikali iitwayo dopamini huongezeka katika sehemu ya ubongo inayoongoza wimbo. Na jike si gogo: wimbo unaompendeza huamsha ubongo wake pia, kisha anachagua mwenyewe. Hao nao nani amewalisha?

Delphin ni vilevile. Nikiwa mbali namsikia akipiga randa huku akimung'unya wimbo wa kwaya, maneno nusu. Nikifungua geti, sauti inasimama wima. Nilimcheka: "Baba, mbele yangu tu njo unajua maneno?"

Akajifuta vumbi la mbao. "Mama, mi sijikaze. Ukifika, inanyooka yenyewe."

Nikaimba naye, mara ya kwanza tangu tumzike mume wangu. Miaka yote ulilalamika kwamba nimekauka. Leo nacheka, unaita ulozi! Sema kweli: kinachokuuma ni dawa, au ni kwamba nimechagua bila kukuuliza?

Mwezi ujao wazee wa Delphin wanakuja Kalemie, nasi tutakuwa nao. Ukifungua mlango, utapokea dote kwa heshima yako yote ya mkubwa wa ukoo. Ukifunga, tutaketi mlangoni kwako tuimbe wote wawili mpaka majirani watoke.

Msalimie shangazi aliyetulea. Msalimie zaidi mke wako, na umwulize mbele ya watoto: ulipokuwa ukipiga gitaa nje ya kwao kila jioni, wewe usiyejua kuimba hata kidogo, nani alikuwa amekulisha dawa?

Mdogo wako, ambaye haendi kuombewa,
Odette