Sahihi ya Mama Yetu

Soko la Otonglo,
Kisumu.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Khaemba,

Nakusalimu kwa upendo. Mgongo wako unaendeleaje na joto la huko Doha? Sisi tu wazima. Shantel sasa ananipita urefu.

Kaka, nakuandikia nikiwa na hasira, nivumilie.

Unaujua uwanja wa nyuma ya vibanda, alipouzia Mama dagaa wake wa omena miaka yote. Mwakilishi wa wadi yetu aliutoa kwa rafiki yake ajenge kituo cha mafuta. Sheria inataka wananchi waulizwe kwanza. Hatukuulizwa. Tulishtukia tu mabati yamezungushwa.

Mimi na Beldina, jirani yangu wa kibanda, tulienda ofisi ya wadi kuomba orodha ya waliohudhuria mkutano wa wananchi wanaodai ulifanyika. Karani alitufukuza mara mbili. Mara ya tatu tuliandika barua tukaitaja sheria ya kupata habari, akatoa nakala huku amenuna.

Namba kumi na tisa ni Mama. Jina lake, kitambulisho chake, na sahihi safi kama ya mwalimu. Mkutano wenyewe wanasema ulifanyika miezi minne baada ya sisi kumzika. Na Mama hakujua kuandika, aliweka kidole gumba. Nililia pale pale koridoni.

Mheshimiwa mwakilishi mwenyewe akaja kibandani. "Mama Shantel, hayo ni makosa ya karani. Tuyamalize kinyumbani."

Nikamwambia, "Mzee, ulikuja matanga yake. Ulishika maiki ukamsifu. Ulijua amekufa."

Akaondoka bila kuaga.

Tukapeleka malalamiko kwenye bunge la kaunti. Siku ya kikao niliwawekea cheti cha kifo cha Mama mezani. Wiki jana mabati yameng'olewa. Karani amefutwa kazi. Mheshimiwa bado ni mheshimiwa, na hilo ndilo linalonichoma.

Wapelelezi wameniita Jumanne nikaandikishe taarifa juu yake. Wazee wetu wa Webuye wananikataza, eti jina la marehemu lisiburutwe kortini. Kwani nani amelikokota? Wewe ndiwe mkubwa wetu. Usiniombe subira. Andika kwamba uko nami, niwasomee. Na usipoandika, Jumanne nitaenda tu.

Nisalimie wifi Akello na mtoto Sydney. Beldina pia anawasalimu. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Nanyama