Mama Mkwe Alifumba Macho, Akasema Pakua

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, maana nikimsimulia jirani nitakuwa nimeanika nguo za ndani barabarani. Mimi ni mke wa fundi umeme na mkamwana mkubwa wa nyumba hii, na tangu niolewe kila shughuli ya familia jikoni ni mimi na mama mkwe, mimi napika yeye anaonja, na hakuna sahani inayotoka mpaka mama achovye kijiko, afumbe macho, aseme "Pakua," na akishasema hivyo hakuna anayeonja tena, kwa sababu kuonja baada ya mama ni sawa na kumwambia hajui.

Jumapili iliyopita tulimfanyia baba mkwe sherehe ya kustaafu, wamekuja wenzake wa kazini, ndugu na majirani, ua umejaa viti, na mchuzi wa nyama nilikuwa nimeupika jana yake jioni kwenye ile sufuria kubwa isiyoingia kwenye friji, nikaufunika ungali moto nikiogopa nzi. Mchana nilipofunua nikasikia harufu siyo, nikamwambia mama polepole, "Mama, mchuzi huu kama umeanza kuchacha." Akachovya kijiko, akafumba macho, akasema, "Huo ukali ni wa nyanya tu. Pakua, watu wana njaa." Nikasema, "Mama, hebu onja tena." Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema, "Mimi nimepika kabla mama yako hajajua kuwasha jiko." Nikapakua.

Meza ya kwanza ilikuwa ya baba na wakubwa wake wa zamani, na mkuu wake alitia kijiko kimoja tu mdomoni, akaacha kutafuna, akatoa leso, halafu mjomba wa mume wangu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, akasema, "Jamani, chakula hiki kimestaafu kabla ya mwenye sherehe." Watu wakacheka, baba akaweka kijiko chini akawa anatazama kitambaa cha meza, na hapo ndipo mama mkwe aliposimama mlangoni akasema mbele ya wote, "Nilimwambia asipakue. Huyu hasikii la mkubwa."

Mshauri, sijawahi kushtuka hivyo tangu nizaliwe. Nilisimama na upawa mkononi, mchuzi unanidondokea mguuni, nisisikie hata kama ni wa moto. Nikakumbuka kwamba si mara ya kwanza, kwani mwezi uliopita nilimwacha na maziwa kwenye jiko la gesi nikaenda dukani, narudi nasikia harufu ya maziwa yaliyoungua tangu getini, naye amekaa hapo hapo jikoni ameligeuzia jiko mgongo, anachambua mchele, ananiuliza kama nyanya zimeshuka bei. Ni mtu wa kukusudia. Uzee si kisingizio, maana hata huo ni wa kujifanyisha, tangu mwaka jana wimbo wake ni "Wanangu, siku hizi sisikii," mpaka wifi yangu ambaye ni nesi akamsafisha masikio, na sisi wote tukawa tunampigia kelele kama yuko ng'ambo ya mto, lakini umtete chumba cha tatu uone, anakujibu kutoka uani.

Jumamosi kuna kikao cha familia. Mume wangu anasema, "Omba radhi tu yaishe, mama ni mama." Wifi anataka nivuliwe upishi kabla ya harusi ya mdogo wao, atafutwe mpishi wa kukodi. Nimeamua nisimame niseme wazi kwamba mama alinitegea, alijua mchuzi umeharibika akataka niaibike, na wasiponiamini nifunge virago nirudi kwetu. Naomba ushauri wako, nimwage yote au nifunge virago?

Mkamwana Mkubwa

*

Mwanangu Mkamwana,

Barua yako niliisoma, nikanywa maji, nikaisoma tena. Mara ya pili nilishtuka kuliko ulivyoshtuka wewe, ila si pale ulipotaka nishtuke.

Nianze na kukugombeza, ili nikimaliza tuzungumze kwa amani. Sufuria kubwa ya mchuzi ikifunikwa ingali moto, katikati yake hukaa na uvuguvugu usiku kucha, na uvuguvugu huo ndio unaochachusha. Ungeugawa kwenye vyombo vidogo ukapoa upesi. Na ukishachacha haupashwi, unamwagwa. Hilo ni kosa la mpishi, na kila mpishi ana lake. Kosa kubwa ni la pili. Ulikuwa na pua, pua ikakuambia, nawe ukawapakulia wageni kwa sababu ya adabu. Heshima ya mkwe haitiwi kwenye sahani ya mgeni. Ungewapa wali na mboga, ukaitwa mkaidi, na matumbo ya watu yakasalimika.

Sasa huo mtego. Umeniandikia kwa mkono wako, "nikasikia harufu siyo." Hukuandika kwamba ulinusa. Ndivyo tunavyosema sote. Katika lugha yetu mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi, na mtoto mkaidi huambiwa hasikii ilhali masikio yake ni mazima. Neno moja linabeba mizigo mingi, na msikilizaji ndiye anayepaswa kuuliza ni mzigo upi. Mama yenu amewaambia tangu mwaka jana kwamba hasikii. Nyinyi mkakimbilia masikio. Mkayasafisha, mkaona yanafanya kazi, mkamwita mwongo kimoyomoyo, kisha mkaendelea kumpigia kelele mtu anayewasikia vizuri sana. Hakuna aliyemuuliza, "Mama, husikii nini?"

Mimi si daktari, na naweza kuwa nimekosea. Lakini tazama ulivyonieleza mwenyewe. Maziwa yanaungua nyuma ya mgongo wake naye anauliza bei ya nyanya. Mtu wa kukusudia angekuwa na uso wa kukusudia, asingekuwa na habari za soko. Ulimi peke yake hutambua chumvi, sukari, ukali na uchungu. Yaliyobaki tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Ukali wa mchuzi aliuonja, ndiyo maana akasema ni nyanya. Kule kuoza hakukumfikia. Alipofumba macho alikuwa anakitafuta kitu ambacho hakikuja, na mlangoni kulikuwa na watu wenye njaa wanaosubiri neno lake.

Hilo halisafishi alichokifanya baadaye. Alikusingizia mbele za watu, na uongo wa mtu mzima ni uongo. Nadhani aliogopa. Alipomwona mumewe ameweka kijiko chini, aliona jina lake lote la upishi linaanguka, akalisukumia kwako. Unaruhusiwa kuumia. Huruhusiwi kumwita mtegaji kwenye kikao kabla hujamuuliza swali moja.

Basi muulize. Mkiwa wawili, bila kupaza sauti, mwambie, "Mama, ni harufu ndiyo huisikii?" Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikataa, usibishane naye, mwombe mumeo ampeleke hospitali akapimwe pua, na yule wifi yako nesi aende naye, atapata la kufikiria njiani. Pua ikizimika huenda ni ugonjwa unaotibika, huenda ni dalili ya jingine, na vyovyote vile haichunguzwi kwenye kikao cha familia.

Jumamosi sema la kwako tu: "Niliufunika ungali moto, na nilipakua huku nina shaka." Usiombe radhi kwa kutomtii, maana ulimtii kupita kiasi. Mpe nafasi aseme la kwake. Asipolisema, mumeo alisimamie, yeye ndiye mwana. Na kuanzia sasa waonjaji wawe wawili, mama aonje chumvi, wewe uonje mengine, neno la kupakua mlitoe pamoja. Virago viache kabatini.

Hayo yote yanaweza kungoja. Kilichonishtua mimi, mpaka nikamwomba mhariri aitoe barua yako kabla ya zamu yake, ni yale maziwa. Siku ile yaliungua, mkapoteza sufuria. Siku nyingine yatafurika, yatauzima moto, na gesi itaendelea kutoka. Mama atakuwa amekaa hapo hapo akichambua mchele, hasikii chochote, halafu atageuka aone jiko limezimika, achukue kiberiti.

Umenieleza habari za mkuu wa kazi, za Redio, za kitambaa cha meza. Hukunieleza ni nani yuko nyumbani na mama saa hii. Acha kusoma. Nenda ukafunge mtungi.