Nusu Ngapi Katika Robo Tatu

3 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limepungua maumivu. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii.

Nilidhani hesabu za kufundishia shule ya msingi zitakuwa mteremko. Kumbe hapa chuoni jibu peke yake si kitu. Juzi mhadhiri aliniita ubaoni nigawanye nusu kwa robo. Nikafanya kama tulivyokaririshwa: geuza ya pili, zidisha, jibu mbili. Akauliza, "Kwa nini umegeuza?" Nikairudisha chaki, nikaenda kukaa.

Mwezi huu nitafundisha darasa la tano, yeye amekaa nyuma ananipima. Kanuni ya kugeuza ni marufuku, tunatumia kanda za karatasi. Unajua nilishaanguka kipimo hiki mwaka jana. Nikianguka tena, ualimu ndiyo basi. Naogopa, Baba. Hata chai haipiti.

Binti yako

11 Machi

Kifungua mimba wangu,

Marahaba. Sisi tu wazima, goti linanuna tu kama kawaida yake.

Kwa nini mnageuza, usiniulize. Mimi nikigeuza, nageuza gari. Ila woga naujua, kazi yangu ni kukaa nao kiti cha abiria. Mwanafunzi wa udereva akiogopa, anakanyaga mafuta badala ya breki. Kwa hiyo ukibanwa, usikimbilie kujibu. Nyamaza kwanza.

Mama yako anasema ule. Na usimwambie, ila hata mimi nikifikiria urudi na mabegi yako, usingizi unakatika.

Baba yako

28 Machi

Shikamoo Baba,

Hamjambo? Nimefaulu. Mhadhiri amesema darasa lilichangamka. Msalimie Mama, nina kazi nyingi.

Binti yako

14 Aprili

Mwanangu,

U mzima kweli? Mama yako ameshatangazia mtaa mzima, fundi viatu wa kona ananiita baba mwalimu. Lakini ile barua yako imenikaa vibaya. Aliyefaulu haandiki hivyo. Nikakuandikia tena, kimya. Leo nimemfokea mwanafunzi wangu bure, akili yangu iko kwako.

Unaumwa? Kuna mtu amekutishia? Sema, hata kama ni baya. Ubaya nisioujua ndio unaonimaliza.

Baba yako

22 Aprili

Shikamoo Baba,

Nisameheni wewe na Mama kwa kuwatia hofu. Siumwi.

Siku ile somo lilikwenda vizuri, mpaka mtoto mmoja akauliza swali ambalo sikuliandaa: robo tatu ina nusu ngapi? Tukakunja ukanda. Nusu ikaingia mara moja, kikabaki kipande cha robo. Binti wa dawati la mbele akapaza sauti, "Moja na robo!" Kwa macho ilionekana hivyo hivyo. Mhadhiri alikuwa ametoka nje kuongea na mwalimu mkuu, nikataka tumalize kabla hajarudi. Nikasema, "Vizuri sana, andikeni." Wakaandika wote.

Jioni ile nilikuwa nafua nguo nilipoona kosa. Kile kipande ni robo ya ukanda, sawa, lakini tulikuwa tunahesabu nusu, na robo ni nusu ya nusu. Jibu ni moja na nusu. Nikakaa chini na mapovu yangu. Nikisema, nitafutiwa alama. Nikinyamaza, watoto wataendelea na uongo wangu. Ndiyo maana sikuweza kukuandikia, kalamu ilikuwa nzito.

Jumatatu nilimwambia mhadhiri. Akafuta alama zangu. Nitapimwa upya wiki ijayo, na hiyo ndiyo ya mwisho. Pole kwa Mama na kwa mtaa.

Jana nilirudi darasani kuwarekebisha. Yule binti akaniuliza, "Mwalimu, kwani hukujua?" Nikamwambia sikujua. Nilitegemea wacheke. Hawakucheka. Walifungua madaftari, wakakata jibu la kwanza, wakaandika jipya, bila hata mmoja kuniuliza safari hii nina uhakika gani.

Zamani nilikuwa namwogopa mhadhiri. Yeye angalau hukagua. Wale watoto wanaandika chochote nitakachosema, Baba, na sasa wao ndio ninaowaogopa.

Binti yako