Bamba la Orbin Skaggs

Pennick, 9 Aprili 1984

Mdogo wangu Delphia,

Mimi Estill sasa nina miaka themanini na mmoja. Nimezika wake wawili, mafuriko matatu yamenipita, mgodi wa makaa ulionila vidole viwili umekufa na mimi nipo, reli wameing'oa na mimi nipo, na yule daktari aliyeniambia mwaka 61 kwamba sitafika Krismasi, mimi ndiye niliyebeba jeneza lake. Kwa hiyo nikikuambia kitu, jua umeambiwa na mtu aliyebaki.

U hali gani huko Dayton? Mguu umepona? Shemeji Burl anaendeleaje na kikohozi? Mimi mzima kabisa, nakula maharage na mkate wa mahindi kama kijana, ila kifua kinawaka, na si ugonjwa. Ni gazeti.

Alikuja mwanamke wa gazeti la mjini kuandika habari za Pennick yetu. Siku tatu anazunguka na kidaftari. Ottie wa posta amenisomea mara tatu, maana herufi zao ndogo. Kasema tuko watu elfu moja na mia moja, taa moja ya barabarani, makanisa tisa na mgahawa mmoja. Sawa. Kasema milima imetubana hadi jua linafika ngazi za mahakama saa nne. Sawa. Kasema wazee wa benchi la mahakama wanachonga vijiti vya mwerezi kutwa nzima na hakuna kitu kinachotengenezwa. Hilo ni tusi, lakini sawa. Halafu kamweka nani? Orbin Skaggs! Picha yake kubwa kama sahani. Mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nimetokea kiwiko tu.

Na kasema nini? Eti kwenye mafuriko ya 57 Orbin ndiye aliyeshuka chumba cha chini cha mahakama akaokoa vitabu vya hati za ardhi za wilaya nzima. Peke yake! Kana kwamba mimi nilikuwa nyumbani nakaanga mayai. Tulishuka wawili, Delphia. Mimi nilibeba vinne kwa mpigo, vikubwa kuliko vyote mle ndani. Yeye alikuwa anabeba kimoja kimoja kama amebeba mtoto mchanga. Sasa wilaya inataka kubandika bamba la shaba pale mlangoni tarehe 4 Julai, lenye jina lake.

Simwonei wivu. Andika hilo mahali. Tumekaa benchi moja miaka yote hii na anajua simwonei wivu. Nadhani ni yeye bado ana donge, maana marehemu mke wangu Verna alinichagua mimi.

Wewe wakati ule ulikuwa unafanya kazi kwa karani wa wilaya. Uliviona vitabu vyangu. Niandikie barua, uape, useme ulichoona, nimpelekee jaji wa wilaya, jina langu liwekwe. Juu, si chini.

Kaka yako,
Estill


Dayton, 20 Aprili 1984

Kaka Estill,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, huu uliojifunza uzeeni, hata kama umepanda mlima upande mmoja wa karatasi. Mguu unauma kukiwa na baridi tu. Burl anakohoa vilevile, anakusalimu, anauliza kama bado unadanganya kuhusu yule samaki.

Siku nne nimetembea na barua yako kwenye mfuko wa aproni. Kaka, umeniomba niape, kwa hiyo kaa chini kwanza. Na tafadhali hii usimpe Ottie. Isome mwenyewe, hata ikichukua siku nzima.

Mimi nilifika asubuhi yake, maji yameshashuka. Sikuona nani alishuka wala nani alipanda. Nilichoona ni marundo mawili kwenye chumba cha juu. La kwako ulinionyesha mwenyewe, umelifunika na koti lako, unapiga kifua: "Tazama, mdogo wangu, mashamba ya watu haya, nimeyatoa majini!" Tukaanza kukausha kurasa kwa pasi.

Kaka, hazikuwa hati za ardhi. Yalikuwa madaftari ya masikio ya nguruwe. Yale ya enzi za babu, nguruwe walipokuwa wakiachiwa porini na kila ukoo umeandikisha mkato wake wa sikio ili wajulikane ni wa nani. Hata sisi tulikuwemo: Ratliff, pengo sikio la kushoto, ncha imekatwa la kulia. Nguruwe wenyewe walikuwa wameliwa miaka thelathini nyuma. Hati zote zilikuwa kwenye rundo la Orbin. Alibeba kimoja kimoja kwa sababu alikuwa anasoma mgongo wa kitabu kwanza.

Sikukuambia. Karani naye nilimsihi anyamaze, kwa sababu sijawahi kukuona na furaha kama ya siku ile. Orbin alikuwa amesimama palepale, anajua, na hakufungua mdomo. Miaka ishirini na saba unajigamba mbele yake na hajafungua mdomo. Lifikirie hilo kabla hujamwita mwongo.

Kutojua kusoma wakati ule si aibu yako. Ulitolewa shule una miaka tisa ili sisi wadogo tule, na hilo nalijua kila ninaposhika kalamu. Ila kiapo unachotaka sina.

Mdogo wako akupendaye,
Delphia


Dayton, 11 Juni 1984

Kaka Estill,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana wiki saba sijui kama u mzima au umekufa. Sisi hatujambo. Nimekuokea keki ya matufaha yaliyokaushwa, ile ya tabaka saba kama ya mama, na sijui niitume kwa nani.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu Ottie. Kasema umehama benchi. Unakaa peke yako upande wa benki, mgongo umewapa wenzako, na Orbin akikusalimia unatema tumbaku. Kaka, una miaka themanini na mmoja!

Kaniambia na jingine. Wakili Thornbury, yule wa nyumba ya matofali kilimani, amesimama na kusema aliyeokoa vitabu ni marehemu baba yake, na bamba liwe la baba yake. Jaji ameitisha kikao tarehe 26, anataka mtu aliyeona kwa macho. Nilituma barua. Wamejibu kwamba aliyefika asubuhi si shahidi. Na Orbin hawezi kujishuhudia mwenyewe. Umebaki wewe.

Sikuombi kitu. Nakuambia tu, ukitaka Orbin akose bamba huna haja ya kusema uongo. Nyamaza, inatosha.

Mdogo wako,
Delphia


Pennick, 28 Juni 1984

Mdogo wangu Delphia,

Salamu kwako na kwa Burl, na samaki yule alikuwa mkubwa kama nilivyosema. Mimi mzima. Keki itume, kabla haijakauka.

Barua yako ya Aprili ilinichukua siku mbili kuisoma, halafu nikaichoma kwenye jiko la kuni. Nilikukasirikia. Nilimkasirikia Orbin zaidi. Mtu kukuacha ujigambe miaka ishirini na saba, anaitikia kwa kichwa tu, "ndiyo, Estill, ndiyo", kumbe anajua! Afadhali angenipiga ngumi.

Nilitaka kunyamaza. Sikufichi, nilitaka sana. Nilikwenda kikaoni ili nione anavyokosa. Nikakaa nyuma kabisa, kofia nimeishusha usoni.

Thornbury akasimama na cheni yake ya saa tumboni, akaanza, baba yangu hivi, baba yangu vile, maji shingoni. Delphia, baba yake siku ile alikuwa kilimani kwake barazani, anatutazama kama sinema! Nikatazama ukuta pale mlangoni nikaliona jina Thornbury limeng'aa kama tayari limebandikwa, na mimi kila siku napita chini yake. Basi nikasimama. Miguu ndiyo iliyosimama, mimi nilikuwa bado sijaamua.

Jaji Stidham akasema, "Mzee Estill, ulimwona nani kule chini?"

Nikasema, "Nilimwona Orbin Skaggs. Maji yalimfika kifuani, maana ni mfupi. Mimi yalinifika kiunoni."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nabeba vitabu."

Thornbury akarukia, "Vitabu gani?"

Orbin akageuka akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama ananiambia acha, Estill, kaa. Hicho ndicho kilichoniudhi. Sitaki huruma yake.

Nikasema, "Vya masikio ya nguruwe."

Walicheka, Delphia. Waliruka kwenye viti. Cleve wa duka la misumari akapiga kelele, "Estill! La kwako limekatwa upande gani?" Nikamwambia, "Njoo ushike uone!"

Thornbury akangoja watulie, akasema kwa upole, "Mzee, mtu asiyetofautisha nguruwe na ardhi ndani ya maji yale, atatofautishaje mtu na mtu?"

Nikamwambia, "Bwana wakili, kitabu sikujua kukisoma. Uso wa Orbin naujua bila kusoma, nimeutazama kwa chuki tangu tuko vijana. Siku ile sikumwondolea macho hata kidogo, nilikuwa naogopa asije akabeba kunizidi. Alipanda ngazi mara kumi na tisa. Nilihesabu! Kama baba yako angepita, ningemhesabu na yeye."

Hapo hakucheka mtu. Jaji akamwuliza karani vitabu vya hati vya zamani viko vingapi. Karani akaenda akarudi, akasema, "Kumi na tisa." Thornbury akakaa chini, cheni na yote.

Orbin akainuka akaomba jina langu liwekwe pamoja na lake. Nilikataa. Sitaki jina langu chini ya la mtu, na juu sistahili, hilo nimelisema mara moja na sirudii.

Nje kwenye ngazi nikamwuliza, "Mbona hukusema miaka yote?"

Akasema, "Ungehama benchi, Estill. Na umehama kweli."

Nimerudi benchini. Watoto wa mji wananiita Masikio, na Cleve ameniletea nguruwe wa mbao aliyemchonga mwenyewe, vibaya sana. Wivu nao haujatoka, nisikudanganye, umezidi. Zamani nilimwonea wivu kwa vitabu. Sasa hata kunyamaza kanishinda.

Ndivyo ilivyokuwa, sijaongeza kitu. Ukiona nimetia chumvi, muulize Jaji Stidham. Muulize Ottie, alikuwa mstari wa mbele na alilia, ingawa anakataa. Muulize Cleve, aliyecheka kuliko wote. Au muulize Orbin Skaggs, na hili mkono wangu unakataa kuliandika: yule mtu hasemi uongo.

Kaka yako,
Estill