Hata Elieza Ananizidi

Vudee, Jumatano alasiri. Ukungu umetanda tangu asubuhi na hauna dalili ya kuinuka. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mlangoni, nimerudi. Mke wangu Naelijwa ameniambia kama sitaki kutulia nikashinde nje na kuku, basi nimechukua kalamu.

Leo ilikuwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Tumezoa tope kwenye ndiva, bwawa letu linalokusanya maji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yateremke mferejini hadi mashambani. Kazi ilipokwisha, Mzee Kajiru, anayegawa maji tangu mimi sijazaliwa, akasema miguu imemchoka, tutafute mwingine.

Watu wakanitazama mimi. Siandiki hivi kwa kujivuna, ndivyo ilivyokuwa. Tangu niliporudi kutoka vitani mimi ndiye ninayepanda na mzee huyo kuutengeneza mfereji wa juu, unaotoka kwenye ndiva.

Kwetu mtu harukii cheo. Anakataa kwanza, anasema hawezi, wazee wanamwomba tena, anakataa kwa sauti ya chini zaidi, ndipo anakubali huku ameinamisha kichwa. Kila mtu anajua. Nami maneno ya kukubali nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, nikinoa jembe.

Jumbe alipotaja jina langu nikavua kofia, nikasema mimi bado mdogo, sistahili. Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa mgawa maji. Lakini watu walinyamaza vizuri mno, nikaipenda sauti yangu, nikaongeza, "Hata Elieza ananizidi."

Elieza nilisoma naye. Nilimtaja kwa sababu tu alikuwa amesimama mbele yangu, akijikwangua tope miguuni.

Jumbe akamgeukia. "Elieza, umemsikia mwenzako. Unasemaje?"

Nikangoja akatae. Hakukataa. Akasema, "Nitafanya. Ila mfereji wa juu siufahamu vizuri, itabidi mtu anionyeshe." Watu wakaitikia, na Mzee Kajiru akamkabidhi mti wake wa kupimia kina cha maji.

Kwisha.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Naelijwa alinikuta nikilipiga debe teke, akacheka. "Si ulisema mwenyewe hustahili? Wamekuamini tu."

Maneno hayo ndiyo yanayoninyima raha. Kama ningekuwa mnyenyekevu kweli, kuaminiwa kungeniuma nini? Nilisema sistahili nikitaka kubishiwa. Nilijishusha ili wanipandishe, wao wamenikuta chini wakaniacha hapo hapo. Kanisani nimesifiwa mara nyingi kwa upole wangu, nami huinamisha macho huku natega sikio waendelee.

Elieza nilimwona hana haya. Sasa sina hakika. Alisema anachoweza, akasema na asichokijua, mbele ya kijiji chote. Mimi nilisema maneno mazuri ambayo sikuamini hata moja.

Punde hivi alikuja hapa. Alisimama uani, hakutaka kuketi.

"Kesho alfajiri nafungua maji," alisema. "Nasikia kule juu, kwenye kona ya mwamba, ukingo ni mbovu. Twende wote unionyeshe."

Ni mbovu kweli. Mwaka jana niliuziba kwa migomba na udongo wa mfinyanzi. Maji yakiachiwa yote kwa mkupuo, ukingo utakatika, na maharage ya bondeni ambayo ndiyo kwanza yanatoa maua yatazolewa. Mtu anayejua hufungua kidogo kidogo, kila mara akienda pale konani kuutazama ukingo.

Nikamjibu nini? "Ndugu yangu, hata mimi sijui sana."

Ilitoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia shikamoo.

Akanitazama bila ubaya wowote. "Unajua au hujui? Kama hujui nisikusumbue, nitakwenda peke yangu." Nikasema tutaona. Akaniaga, akaenda zake.

Nimezunguka chumba hiki nikimlaumu kwamba hakuniomba tena. Halafu nikajikuta nawaza kesho, maji yamebomoa ukingo, watu wanapanda mbio hadi mlangoni kwangu, jumbe mbele, wanasema tulikosea. Na wazo hilo likanipendeza. Naliandika kama lilivyo na sitalifuta. Mimi mpole wa Vudee nimekaa hapa natamani ukingo ukatike.

Shamba la mama liko bondeni. Maharage yake ndiyo ya kwanza kufikiwa.

Bado kuna mwanga kidogo. Nimevaa koti langu la jeshi na Naelijwa anauliza naelekea wapi na ukungu wote huu. Naelekea kwa Elieza kumwambia najua. Nimelijaribu neno hilo hapa mezani, kwa sauti, na limenikwama kooni. Nitalisema hivyo hivyo lilivyokwama, na akiniuliza mara ya pili nisiinamishe kichwa.