Kofia ya Otilia

Jumapili, 14 Julai 1996. Mbinga
Sentimita 49. Jumapili ya sita hazijaongezeka. Nimempima Otilia kichwa kabla ya misa kwa futikamba yangu ya kushonea. Nikabonyeza kile kijivimbe nyuma ya sikio kama daktari alivyonifundisha. Kikabonyea, kikajaa tena. Basi mpira aliowekewa hospitalini unafanya kazi: maji yanatoka kichwani, yanapita shingoni chini ya ngozi, yanaishia tumboni. Ana miezi tisa, na jana aliinua kichwa mwenyewe. Nikamvisha kofia yake ya mitumba. Mitumba imeninyang'anya wateja, lakini kofia hii inanisitiri.

Jumatano, 17 Julai
Baba mkwe amefariki, Lundo. Baba Otilia ameacha kahawa mbivu shambani. Kesho tunateremka kwa lori la wanunuzi binafsi. Kule ziwani hakuna anayejua habari za mpira. Nimemkataza Baba Otilia asiseme. Naijua midomo ya ukweni: watauliza nimekosea nini, nani karoga. Sitaki.

Ijumaa, 19 Julai. Lundo
Tumezika. Joto. Wifi Kandida, dada wa mume wangu, habanduki kwa Otilia. Anambeba, anamwimbia Kinyasa. Ameuliza mbona mtoto anashinda na kofia kwenye joto hili. Nikasema mafua. Uongo mtupu, tena msibani.

Jumapili, 21 Julai
Leo kunyoa, msiba uishe. Wajukuu wote. Nilisema Otilia aachwe, ana mafua. Sikusema zaidi. Nikaenda ziwani kuosha vyombo. Niliporudi kofia ilikuwa mkekani na kichwa kinang'aa. Mafua si sababu ya mtoto kubaki na nywele za msiba, ndivyo walivyoona. Wifi Kandida, wembe mkononi, akaniambia, "Samahani wifi, ana jipu hapa, wembe umeligusa." Jipu. Nilimtukana mbele za watu. La mpira bado sikulitaja. Angejuaje?

Alhamisi, 25 Julai. Mbinga
Homa. Kidonda kina usaha. Nabonyeza kijivimbe, kinabaki kimebonyea.

Jumamosi, 27 Julai. Hospitali
Wameutoa mpira. Uchafu umeingia hadi ndani. Mpya hauwekwi mpaka usaha uishe. Nimeuliza siku ngapi, daktari akasema tusubiri. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.
Sentimita 50.

Jumatano, 31 Julai
51 na nusu. Macho yanatazama chini tu. Kunyonya hataki. Wifi Kandida amefika kutoka Lundo, siku mbili njiani. Nikamweleza yote: mpira, kofia, mafua ya uongo. Akasema, "Ungeniambia, wifi." Basi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimewaambia wengine hivyo mara ngapi. Najichukia.

Ijumaa, 2 Agosti
Sikumpima.

Jumamosi, 10 Agosti. Mbinga
Tulimzika Otilia Jumapili. Leo tumenyoa. Mama mkwe alikuwa amempa mtu mwingine wembe, kwa kunionea huruma. Nikaomba apewe Wifi Kandida. Kandida mwenyewe akakataa. Nikavua kitambaa, nikakaa chini mbele yake, nikainama.
Akauchukua wembe. Alipofika nyuma ya sikio alinyoa taratibu sana, kidole chake kikitangulia wembe.